Je, Wajua? Stilihedi wa Mto North Umpqua

Je, wajua kwamba stilihedi, samaki ambaye wavuvi wa magharibi mwa Marekani huwalipa waongozaji ili wamfikie, ni wa spishi ile ile ya baadhi ya trauti waliopandikizwa katika mito ya Mlima Kenya enzi za ukoloni, yaani Oncorhynchus mykiss? Kinachowatofautisha ni mwenendo wa maisha: trauti wa kawaida hudumu katika maji baridi, ilhali stilihedi huzaliwa mtoni, huteremka hadi Bahari ya Pasifiki kukua, kisha hurudi mtoni kutaga, na kinyume na samoni wengi wa Pasifiki, ambao hufa baada ya kutaga, baadhi ya stilihedi hunusurika na kurejea baharini.

Katika Mto North Umpqua, jimboni Oregon, sehemu ya takriban kilomita 50 imetengwa tangu 1952 kwa uvuvi wa nzi bandia, ambao ni chambo chepesi cha manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoana, kinachofika mbali kwa sababu uzito unaorushwa ni wa mshipi wenyewe. Mwongozaji, ambaye kisheria lazima awe amesajiliwa, huusoma mkondo na kumwonyesha mgeni mahali samaki anapopumzika. Huo ni ujuzi wa kuheshimiwa kama elimu yoyote. Stilihedi wa asili hurudishwa majini akiwa hai, naye hutambulikana kwa pezi dogo la mgongoni karibu na mkia, ambalo samaki waliozalishwa vituoni hukatwa wakiwa wachanga.