Je, Wajua? Vyuma Vikigusana Hugawana Chaji, Plastiki Inagoma

Je, wajua kwamba vyuma viwili vikigusana hugawana chaji papo hapo? Chukua gololi mbili za chuma zinazolingana, moja ina chaji 8, nyingine haina kitu. Zigusanishe, kisha zitenganishe kwa vishikio vya plastiki: kila moja inabaki na 4. Kama ya pili ilikuwa na hasi 2, jumla ni 6, na kila moja inaondoka na 3. Mfaransa Charles Coulomb alipopima nguvu ya chaji mwaka 1785, tufe zake mbili alizichaji zikiwa zimegusana ili zipate sawasawa.

Je, wajua kwamba mgawo haulingani kila mara? Tufe la sentimita 3 likiunganishwa kwa waya mrefu na la sentimita 1, kubwa huchukua robo tatu ya chaji. Ni kama madumu mawili yaliyounganishwa kwa mpira: kinacholingana ni kimo cha maji, si ujazo.

Je, wajua kwamba tufe dogo, pamoja na kupata kidogo, chaji yake husongamana zaidi? Ndiyo maana ncha kali ya chuma, ambayo ni kama tufe dogo sana, huvujisha umeme hewani upesi.

Je, wajua kwamba plastiki haigawani hivyo? Chaji hukaa palepale ilipowekwa, na watafiti wa Ifakara, mji wa bonde la Kilombero, wameifaidi tabia hiyo. Mbu wengi huingia nyumbani kupitia mwanya ulio kati ya ukuta na paa, wakifuata harufu ya watu. Watafiti wakaziba mwanya huo na kuacha matundu yenye vipande vya bomba la plastiki, kila bomba likiwa na wavu ndani. Wavu huo una chaji tuli inayoshika unga wa dawa. Mbu akitua, unga unamhamia miguuni na mwilini kwa wingi, kiasi kwamba hata mbu sugu hupata dozi ya kumuua. Majaribio ya awali ya mabomba hayo yalifanyika kwenye mabanda ya wavu ya Taasisi ya Afya Ifakara, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Wavu huo ungekuwa wa chuma kilichogusana na ardhi, chaji ingetoroka yote na unga ungepukutika.

Je, wajua kwamba bonde hilihili la Kilombero limejaribu pia mtego wa nyaya? Nyaya nyembamba zimepangwa karibu karibu, zinazopakana zikiwa na volti tofauti. Mbu anayezigusa mbili kwa pamoja anakuwa daraja, umeme unampitia, anakufa. Mwenzangu, hapo walau mtu anayekaa kuwavuta mbu amekingwa na nyaya hizo, tofauti na kukaa usiku kucha na miguu wazi akisubiri mbu watue ili wahesabiwe, kazi ambayo watafiti wa malaria wameifanya miaka mingi.

Je, wajua kwamba hewa yenye unyevu ya masika Ifakara hupunguza zile cheche za sweta ya nailoni? Unyevu huacha tabaka jembamba la maji juu ya vitu, na chaji hutorokea humo.

Je, wajua kwamba dunia inaweza kupokea chaji mara mamilioni zaidi ya mwili wako? Chuma kikiunganishwa nayo, huiachia karibu chaji yake yote. Ethi, yaani waya unaounganisha chuma na ardhi, hutumia njia hiyo. Wewe wa Viwanja Sitini, Ifakara, mwenye bati na friji, mwite fundi akuoneshe waya wako wa ethi umefungwa wapi, na kiangazi akague kama ardhi pale ilipochimbiwa fimbo ya ethi haijakauka, maana udongo mkavu haupitishi umeme vizuri.