Mtahini Akiuliza "Kwa Nini?"

Kijana wa Itaka, kule Mbozi, akitaka kuwa rubani lazima afunge safari, kwa kuwa shule za urubani ziko mbali: Dar es Salaam, Nairobi, au Soroti nchini Uganda, ambako chuo cha marubani kilianzishwa mwaka 1971 enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga vinataka mwombaji wa leseni ya rubani binafsi awe ametimiza miaka 17, amepimwa afya na, kwa kawaida, amerusha ndege kwa saa zisizopungua 40. Baada ya mitihani ya kuandika hubaki kikwazo kinachowatia wengi tumbo joto: kuketi ana kwa ana na mtahini na kujibu maswali kwa mdomo kabla ya kupanda naye ndege. Wengi hujiandaa kwa kukariri orodha ndefu za maswali na majibu. Hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu mtahini hatafuti jibu tu, anataka kuona limetoka wapi. Karatasi ya kuchagua herufi haiwezi kumuuliza mtu "kwa nini?", mtahini anaweza, na akijibiwa huuliza tena.

Chukua Uwanja wa Ndege wa Songwe, ulio karibu na Mbalizi, uliofunguliwa mwaka 2012 na kuwahudumia wakazi wa Mbeya na Songwe. Uko takribani mita 1,340 juu ya usawa wa bahari. Mtahini anaweza kuuliza: saa nane mchana mwezi wa Oktoba, joto likiwa nyuzi 28, ndege ndogo yenye watu wanne na mafuta tele itapaa salama? Aliyekariri atasema hewa ya joto ni nyepesi, kisha atanyamaza. Aliyeelewa atapiga hesabu: kwa mwinuko ule, joto la kawaida katika hesabu za urubani lingekuwa kama nyuzi 6, kila nyuzi inayozidi hapo huifanya ndege ijione imepanda futi 120 zaidi, kwa hiyo ndege hiyo itafanya kazi kana kwamba iko karibu mita 2,100. Injini ya kawaida hupoteza takribani moja ya tano ya nguvu zake katika kimo hicho, na mabawa nayo hudai mwendo mkubwa zaidi ili yainue mzigo uleule. Atafungua majedwali ya ndege yake, atapima urefu wa njia ya kurukia, kisha atakumbuka kwamba Mlima Mbeya, wenye zaidi ya mita 2,800, hauko mbali. Mwisho atatoa uamuzi: abiria mmoja abaki, au safari ifanyike alfajiri.

Sheria nayo huulizwa hivyohivyo. Mfanyabiashara wa Tunduma anakuomba umpeleke Dar es Salaam, akulipe vizuri, utampeleka? Leseni ya rubani binafsi hairuhusu kubeba abiria kwa malipo, hata kama ndege ni yako. Anayejua kwamba abiria anayelipa anastahili kulindwa kwa masharti mazito zaidi ya uzoefu na ukaguzi hatayumba hata swali likigeuzwa na malipo yakaitwa zawadi.

Wapo watakaosema kukariri hakukwepeki, na wana haki. Injini ikizimika angani hakuna muda wa falsafa. Mwendo wa kuifanya ndege iteleze mbali zaidi lazima uwe kichwani. Vivyo hivyo akiba ya mafuta kwa safari ya mchana ya kuona kwa macho: nusu saa. Lakini hayo ni machache. Mtu akijaribu kukariri kila kitu, machache hayo huzama katika mengi. Wengine watasema tatizo ni Kiingereza, lugha ya vitabu vya ndege na ya redio. Ni kweli, na kwa safari za kimataifa rubani hutakiwa kufikia walau kiwango cha nne kati ya sita. Hata hivyo, aliyeshindwa kumweleza mwenzake kwa Kiswahili kwa nini mawingu ya mvua hujikusanya juu ya milima mchana hataokolewa na msamiati. Aelewe kwanza kwa lugha anayoiwazia, kisha afanye mazoezi ya kulisema jambo lilelile kwa Kiingereza, kwa sauti, mbele ya mtu anayemkatiza kwa maswali.

Itasemwa pia kwamba mafunzo haya ni ghali mno kwa mwana wa mkulima wa kahawa. Ada ni kweli nzito, na haipunguzwi kwa maneno. Ila sehemu kubwa ya anachohojiwa rubani hufundishwa bure katika sekondari: msongamano wa hewa katika fizikia, upepo na mvua katika jiografia, pembe katika hisabati. Mwalimu wa Mbozi anayewataka wanafunzi watetee jibu lao badala ya kulitaja tu anamwandaa rubani wa kesho, na hata asiyepanda ndege kamwe atakuwa amefaidika.