Kusoma Miamba ya Kasulu na Kibondo

Jiolojia, yaani taaluma inayochunguza miamba, madini na historia ya umbo la dunia, ni miongoni mwa sayansi ambazo mwanafunzi hawezi kuzimudu kwa vitabu na maabara pekee, kwa sababu jiwe lililokwisha kuwekwa kabatini limetengwa na majirani zake, na ni ujirani huo, wa kujua mwamba upi umelala juu ya upi na upi umeupenya mwenzake, unaobeba sehemu kubwa ya habari anayoitafuta mwanajiolojia. Ndiyo maana vyuo vikuu vinavyofundisha taaluma hii nchini, vikiwamo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, huwatoa wanafunzi wao madarasani na kuwapeleka uwandani. Tanzania ina maeneo mengi yanayofaa kwa kazi hiyo, lakini nyanda za juu za Kigoma, hasa wilaya za Kasulu na Kibondo pamoja na Buhigwe na Kakonko zilizomegwa kutoka kwazo mwaka 2012, zinastahili kutazamwa kwa jicho la pekee, kwa kuwa miamba yake ni ya kale mno, haikuharibiwa sana na joto wala mgandamizo wa ardhini, na wakati huohuo huonekana kwa nadra kiasi cha kumlazimisha mwanafunzi kufikiri.

Safari ya namna hiyo huanzia kwenye ramani. Idara ya jiolojia ya serikali ilianzishwa mwaka 1925, ikaweka makao yake Dodoma, na ramani za jiolojia zilizochorwa tangu enzi hizo kwa kipimo cha 1:125,000, kila moja ikifunika eneo lenye upande wa takriban kilomita 55, bado ni msingi wa kazi nyingi. Kwa magharibi ya nchi, taarifa ya R. Halligan iliyochapishwa mwaka 1962 ndiyo iliyopanga kwa mfuatano miamba ambayo mwanafunzi wa leo anakwenda kuikagua, na ni vyema akaisoma kwa heshima na kwa mashaka pia, kwa maana mistari mingi ya ramani za zamani ilichorwa na watu waliotembea kwa miguu, wakaona mwamba hapa na pale, na kukisia yaliyobaki katikati.

Maandalizi ya pili ni ya kijamii. Eneo hili linapakana na Burundi, nalo limepokea wakimbizi kwa miongo mingi, na kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu mwaka 1996, ilhali ya Nduta iliwekwa Kibondo. Kwa hiyo kundi la vijana wenye nyundo, ramani na vifaa vya GPS lisilo na barua ya utambulisho kutoka ofisi ya mkuu wa wilaya hadi kwa mtendaji wa kijiji litasimamishwa, na ni haki lisimamishwe. Faida ya kupita kwa watendaji si ruhusa peke yake. Mkulima wa Kiha aliyechimba visima viwili vikakauka na cha tatu kikatoa maji amekwisha kufanya uchunguzi wa jiolojia ya maji, na mzee anayejua ni korongo lipi lina mawe bapa ya kujengea msingi wa nyumba humwokolea mwanafunzi siku nzima ya kutangatanga.

Msaada huo unahitajika kwa sababu sehemu kubwa ya mwamba imefunikwa. Mvua za kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, zikichanganyika na joto, zimeyeyusha madini laini na kuacha udongo mwekundu wenye chuma na alumini, ambao mahali pengine umeganda na kuwa lateraiti, ile changarawe ngumu inayotandazwa barabarani, na juu ya udongo huo yamesimama mashamba ya maharage, mihogo na migomba au misitu ya miyombo. Kiangazi cha Juni hadi Septemba ndicho msimu wa kazi, nyasi zikiwa zimekauka na vijito vimepungua, kwani mwamba mbichi hupatikana kwenye sakafu za vijito, kwenye mashimo ya kuchimbia mawe, na kwenye mikato ya barabara ya Kidahwe hadi Nyakanazi inayopita Kasulu na Kibondo, ambayo ujenzi wake wa lami umepasua vilima na kufunua yaliyokuwa yamefichika.

Yanayofunuliwa humo ni matabaka ya kundi ambalo wanajiolojia hulitaja kwa jina la Bukoba, kwa sababu miamba iliyohesabiwa pamoja nayo huonekana pia Bukoba, kandokando ya Ziwa Viktoria. Upande wa chini wa mfuatano wa Kasulu yapo mawe bapa ya Kigonero, yaliyotokana na mchanga na matope yaliyotulia majini. Juu yake zikamwagika lava za Gagwe. Kisha yakafuata mawe ya chokaa yenye dolomaiti yaliyopewa jina la Ilagala, na hatimaye matabaka mekundu ya Manyovu, ambayo rangi yake inatokana na hematiti, yaani oksidi ya chuma iliyozipaka chembe za mchanga. Kaskazini zaidi, kuelekea Ngara na mpaka wa Burundi, hujitokeza miamba ya kale zaidi ya ukanda wa Karagwe na Ankole, ambayo imekunjwa na kupikwa ardhini hata mchanga wake ukawa kwatzaiti ngumu.

Lava za Gagwe zinafaa kukaliwa muda mrefu. Jiwe lake la nje ni kahawia na halivutii, lakini likipigwa nyundo uso mpya hutokea wa kijivu kinachoelekea kijani, umejaa vidoadoa vya mviringo vyenye ukubwa wa punje ya mtama hadi wa harage. Chini ya lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, vidoa hivyo hubainika kuwa matundu ya gesi iliyokuwa ikitoroka wakati lava ya basalti inaganda, ambayo baadaye maji ya moto yaliyopita mwambani yaliyajaza madini kama kwatzi, kalisaiti na kloraiti. Dolomaiti nayo ina somo lake: asidi hafifu ya haidrokloriki, ambayo kwenye chokaa ya kawaida hutoa povu papo hapo, huishia kulowanisha tu uso wake, mpaka mwanafunzi aukwangue kwa kisu upate unga, ndipo vipovu vidogo vinapoanza kupanda polepole. Asiye na subira ataandika daftarini kwamba jiwe hilo si la jamii ya chokaa.

Umri wa lava hizo ulipimwa kwa njia ya argoni, inayotegemea kwamba potasiamu 40 hugeuka kuwa argoni 40 kwa mwendo unaojulikana, nusu yake ikiisha kila baada ya miaka bilioni 1.25, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 na Alain Deblond na wenzake yaliziweka kwenye miaka milioni 795 hivi iliyopita. Kabla ya hapo, mwaka 1972, J. D. A. Piper alikuwa amechapisha utafiti wa usumaku wa kale wa miamba hii. Lava inapopoa, chembe zake za chuma hushika uelekeo wa usumaku wa dunia wa wakati huo, na kwa kuwa uelekeo huo huwa wa mlalo kwenye ikweta na wima kwenye ncha, pembe iliyobaki mwambani hueleza latitudo ambayo mahali hapo palikuwapo. Kwa njia hiyo lava za Gagwe zimekuwa ushahidi unaorejewa katika mjadala, ambao haujaisha, kuhusu kama ngao ya kale ya Kongo ilikuwa sehemu ya Rodinia, bara kuu lililotangulia Afrika na mabara mengine ya leo. Hapa pana angalizo ambalo kila mwanafunzi analihitaji: radi, ambazo nyanda hizi zinazo kwa wingi, hufuta usumaku wa zamani na kuandika mpya juu ya miamba ya vileleni, hivyo sampuli ya kuaminika hutafutwa korongoni.

Historia ya karibuni zaidi husomwa kwenye mito. Malagarasi huanzia nyanda za mpakani na Burundi, si mbali na Ziwa Tanganyika, lakini badala ya kushuka ziwani moja kwa moja, huelekea kaskazini mashariki, hugeuka kusini hadi kwenye mabwawa ya Moyowosi, kisha hurudi magharibi kupitia Uvinza, penye chemchemi za maji ya chumvi zilizotumiwa na watu kwa zaidi ya miaka 1,000, na kuingia ziwani karibu na Ilagala. Sababu ni kwamba bonde la ufa lilipofunguka, kingo zake ziliinuka na kuziinamisha nyanda hizi upande wa mashariki, ilhali sehemu ya chini ya mto, inayoaminika kuwa ni ya kale kuliko ziwa lenyewe, iliendelea kukata njia yake. Dalili ya ukale huo ni kwamba baadhi ya samaki wa Malagarasi wana jamaa wa karibu katika mto Kongo, ng'ambo ya ziwa.

Kazi inayompima mwanafunzi kuliko zote hufanyika jioni, anapohamishia ramanini vipimo vya mwelekeo na mwinamo wa matabaka na kuamua mpaka kati ya lava na matabaka mekundu upite wapi. Kanuni ni kwamba mpaka ulioonwa kwa macho huchorwa kwa mstari usiokatika na uliokisiwa kwa mstari wa vipandevipande, na katika nchi iliyofunikwa kama Kasulu, ramani ya kweli huwa na vipandevipande vingi. Mwanafunzi anayerudi na ramani iliyojaa mistari mizima hakuona zaidi ya wenzake. Amekosa uaminifu tu, na kosa hilo baadaye litamgharimu mchimba kisima au mwekezaji wa mgodi.

Mikato ya barabara haitabaki wazi kwa muda mrefu, kwani misimu michache ya mvua inatosha kuifunika kwa udongo na nyasi. Idara za jiolojia za vyuo vikuu zinapaswa kuwapeleka wanafunzi Kasulu na Kibondo sasa, wapime, wapige picha na kukusanya sampuli, kisha nakala za ramani zao ziwekwe Dodoma na katika halmashauri za wilaya hizo, ambako wachimbaji wa visima watazihitaji.