Gemu za maandishi: watu wapungua, anayebaki ndiye alipaye

Vijana wetu wakisikia neno gemu hufikiria mpira wa kwenye skrini au bunduki na picha zinazong'aa. Lakini ziko gemu za intaneti zisizo na picha hata moja. Unasoma kwamba umesimama mbele ya pango, njia moja yaelekea kaskazini, nyingine mashariki. Unaandika "kaskazini", na gemu inakujibu kwa maandishi yaliyo mbele ya njia hiyo. Ndani ya pango hilo wamo watu wengine walioketi Uingereza, Marekani au India, nao wanaandika kama wewe. Aliyelelewa kwa ngano na vitendawili vya bibi yake ataelewa upesi mambo haya.

Gemu hizi zimekuwa zikipoteza wachezaji kwa miaka mingi, na upungufu huo una njia yake ya kuingia mfukoni mwa anayebaki. Mimi jambo hili linanihusu. Hapa Embulbul, kaunti ya Kajiado, ukitoka Karen kuelekea Ngong, naishi na mpwa wangu kutoka Malindi ambaye haoni. Simu yake humsomea kwa sauti kila kilichoandikwa. Gemu za picha hazimfai. Za maandishi anacheza sawasawa na mwenye macho, na wenzake hawajui kuwa haoni mpaka aseme mwenyewe. Wasioona wanaocheza hivi ni wengi duniani. Gemu iitwayo Alter Aeon yajulikana sana kati yao. Kwa hivyo mtu akiniambia hizi ni takataka za zamani, ziache zife, namuuliza: na huyu acheze nini?

Ya kwanza iliitwa MUD. Aliianza Roy Trubshaw mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, kisha mwenzake Richard Bartle akaiendeleza. Baadaye iliingia kwenye mtandao wa CompuServe wa Marekani kwa jina la British Legends. Wakati huo mteja alilipia kwa saa, kama saiba zetu zilivyotoza kwa dakika. Mwenye gemu alitaka ukae sana, basi. Desemba 1996 kampuni ya AOL, iliyokuwa na gemu za aina hii, ikaanza kutoza dola 19.95 kwa mwezi hata ukeshe humo, na hesabu ya saa ikaanza kufa.

Kisha zikaja za picha: Ultima Online mwaka 1997, EverQuest 1999, World of Warcraft 2004. Cha kuchekesha ni kwamba waliozitengeneza walijifunza kazi kwenye gemu za maandishi. Mwanafunzi alichukua wateja wa mwalimu.

Wachezaji wakianza kuondoka, kuondoka huko huzaa kuondoka kwingine. Ni kama baraza la bao. Wakiwa kumi, kila jioni kuna kelele, kuna ubishi, kuna mtu wa kumfunga. Wakibaki watatu, mmoja akiugua hakuna mchezo, na wa pili naye anaanza kulala mapema. Uzuri wa gemu hizi ni watu waliomo, na ukiingia ukawakuta wachache, nusu yao wameacha jina tu likielea na wenyewe wako kazini, hurudi kesho.

Sasa tupige hesabu ya kubuni. Gemu inahitaji shilingi 300,000 kwa mwezi za seva na mafundi. Ikiwa na watu 1,000, kila mmoja akitoa 300 imetosha. Wakibaki 200, kila mmoja sharti atoe 1,500. Mwenye gemu akitangaza ada ya 1,500 waziwazi, hao 200 nao watakimbia. Hapo ndipo biashara inapotafuta mlango wa nyuma.

Mlango huo ulifunguliwa mapema na Achaea, gemu iliyoanzishwa na Matt Mihaly mwaka 1997. Kuingia ni bure. Kinachouzwa ni pointi, na kwa pointi unapata ujuzi, silaha na vitu vya fahari; hata minada ya vitu adimu ilifanywa. Wengi hawalipi kitu, wachache wanalipa sana, na hao wachache ndio wanaobeba nyumba nzima. Torn, iliyoanza 2004, inauza pia nguvu: asiyelipa ana kikomo cha nguvu 100, aliyechangia ana 150. Muda wenyewe umegeuzwa bidhaa.

Mimi sioni ubaya kulipa ada ya mwezi. Fundi ana watoto, seva ina bili. Kinachonikera ni ile tabia ya kuificha bei. Unanunua pointi kwa dola, pointi unazigeuza vitu, na ukifika kwenye upanga umeshasahau kwamba ulianza na shilingi. Pointi huuzwa kwa mafungu yasiyolingana na bei za vitu, zikabaki chache zisizotosha chochote, ukaongeza. Punguzo linaisha usiku wa leo, na mwezi ujao linakuja jingine. Na yale makasha ya bahati, unayonunua bila kujua kilichomo kwa tamaa ya kupata kikubwa, sheikh yeyote kuanzia Lamu hadi Vanga atakuambia jina lake.

Wakenya tuliuona ujanja huu kwenye zile jumbe za namba fupi, jibu swali ushinde, kila jibu likikata salio. Tofauti ni kwamba zamani kijana asiye na kadi ya benki hakuweza kulipa gemu ya ng'ambo. Tangu 2022 kuna M-Pesa GlobalPay, kadi ya Visa iliyomo ndani ya simu, na dola zinatoka Embulbul kwa kubonyeza mara chache.

Nilipomwambia mpwa wangu aache, alinijibu: "Mjomba, rafiki zangu wako humo." Hilo sikuwa na jibu lake. Tukakubaliana kiwango cha mwezi kwa shilingi, akiandike kabla ya kununua pointi yoyote, na makasha ya bahati yasiguswe. Nilimwambia pia kwamba upanga aliolipia si wake kama kiti chake kilivyo chake. Seva ikizimwa, umekwenda.

Sasa anajaribu zile zisizouza kitu. Watengenezaji wa DikuMUD, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, waliigawa bure mapema miaka ya 1990 kwa sharti kwamba atakayeitumia asijipatie faida kwayo, na gemu nyingi zilizojengwa juu yake zinaendeshwa na watu wa kujitolea. British Legends nayo, iliyofungwa CompuServe mwaka 1999, ilirudi kwenye intaneti bila malipo. Watu humo ni wachache sana. Juzi alimkuta mmoja, wakaongea mpaka alfajiri.