Mji Usio na Halmashauri

Kwa idadi ya watu, Nyarugusu ni mji. Kambi hiyo ya wakimbizi ilifunguliwa wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na kuanzia 2015 ikawapokea Warundi kwa makumi ya maelfu; imewahi kuwa na watu zaidi ya 130,000. Ina shule, zahanati, makanisa, misikiti na magenge ya biashara. Ila wakazi wake hawachagui diwani, hawatungi sheria ndogo, wala hawana mapato ya kujipangia. Mambo yao huamuliwa na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi pamoja na mashirika ya wahisani. Kwa hiyo anayetaka kujua serikali za mitaa zina faida gani katika kulinda misitu na kubadili nishati ya kupikia, aanze kwa kutazama mahali ambapo hazipo.

Miaka yote hiyo chungu cha Nyarugusu kimeinjikwa zaidi juu ya kuni. Mkimbizi haruhusiwi kutoka nje ya eneo la kambi bila kibali, lakini kuni za karibu zilikwisha zamani, kwa hiyo wanawake na watoto huzifuata kwenye misitu na mashamba ya upande wa Makere na vijiji vingine, ambako wenyeji nao wanaona pori lao linaisha. Vipigo na ubakaji wa wanawake wanaotafuta kuni vimeripotiwa mara nyingi. Si kwamba hakuna kilichofanyika. Mashirika kama REDESO yamefundisha ujenzi wa majiko banifu na kuotesha miche, na baadhi ya kaya zilipewa gesi. Jiko banifu la udongo hutumia kuni chache kuliko mafiga matatu, hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba gesi hutegemea bajeti ya mfadhili, na mche hutegemea mtu atakayeutunza miaka kumi, wakati mkimbizi huambiwa kila mara kwamba anatakiwa kurudi kwao. Mtendeli, kambi ya jirani wilayani Kakonko, ilifungwa mwaka 2021. Nani apande mti ambao hajui kama atauvuna?

Kijiji kina kitu ambacho kambi haina. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinakiruhusu kutenga msitu wake wa hifadhi, kutunga sheria ndogo, kutoza faini na kubaki na mapato. Chukua mfano wa asali, ambayo wilaya ya Kibondo inasifika kwayo. Mzinga wa asili wa magome hutengenezwa kwa kuchagua mti wa miombo ulionyooka, kukata duara chini ya shina na jingine juu, kisha kulibandua gome lote likiwa zima kama bomba. Mti uliovuliwa hivyo hukauka. Mradi wa ufugaji nyuki uliofadhiliwa na Ubelgiji ulieneza mizinga ya mbao mkoani Kigoma, na ni jambo jema, lakini mzinga wa mbao unagharimu fedha na gome ni la bure. Afisa nyuki wa wilaya hawezi kulinda kila pori kuanzia kata ya Kitahana hadi mpaka wa Burundi. Anayejua ni mzinga wa nani umeningʼinia kwenye mti upi ni mrina asali mwenzake, na kamati ya maliasili ya kijiji ndiyo inayoweza kumwita mkosaji akafika.

Wapo watakaosema namsifia mwenyekiti wa kijiji kupita kiasi. Kweli, wapo wanaouza pori usiku, na halmashauri zenyewe hutoza ushuru wa mkaa, kwa hiyo zinafaidika na kile zinachotakiwa kupunguza. Ila kiongozi wa kijiji anatakiwa kusoma mapato na matumizi mbele ya mkutano mkuu kila miezi mitatu, na wanakijiji wanaweza kumbana hapohapo. Bosi wa shirika la wahisani aliyeko Geneva hana mkutano wa namna hiyo. Wengine watasema mambo makubwa hutoka juu: gridi ya Taifa ilifika Kasulu na Kibondo mwaka 2022, na majenereta ya dizeli yakazimwa. Hilo nalikubali, hakuna kijiji kinachoweza kujenga njia ya umeme kutoka Nyakanazi, mkoani Kagera. Lakini waya huo umewasha taa, haujahamisha sufuria. Kaya nyingi nchini bado zinapikia kuni au mkaa.

Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia nishati hiyo ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilishaagizwa kuacha kuni na mkaa kufikia Januari 2024. Agizo linaishia kwenye jiko la shule, ambako mwanafunzi mara nyingi huja na kuni mkononi kama mchango. Hapo kamati ya shule ndiyo itakayoamua. Halmashauri nazo zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha mafundi majiko wa Kasulu au Kibondo kinaweza kuomba fedha hizo bila kungoja mfadhili, mradi afisa maendeleo ya jamii alipokee andiko lao na madiwani wakubali kwamba jiko ni biashara kama bodaboda.