Je, Ada ya Kutuma Pesa Ina Uwiano? Hesabu ya Gredi ya 8 kwa Simu Yako

Tuseme uko Kibokoni, hapo Mji wa Kale, na unataka kumtumia dada yako aliye Nairobi bob 2,000. Unajua ukituma 500 unakatwa 7. Unapiga hesabu ya haraka: 500 mara nne ni 2,000, basi 7 mara nne ni 28. Unaweka 2,028 kwa laini, unatuma, na ujumbe unarudi: salio halitoshi.

Kuzidisha umezidisha sawa. Ila umechukulia kwamba ada ina uwiano na pesa unazotuma, na haina. Swali hili tunalipata sana.

Uwiano hufundishwa Gredi ya 8. Kama una mtoto wa umri huo, mwite mkae pamoja na simu. Tuanze na Marikiti. Nazi moja ikiwa 40, tatu ni 120 na tano ni 200. Gawa bei kwa idadi: 120 kwa 3 ni 40, 200 kwa 5 pia ni 40. Jibu lisipobadilika, uwiano upo. (Muuzaji akikupunguzia kwa kununua nyingi, uwiano umevunjika, na hakuna atakayelalamika.)

Sasa fanyeni vivyo hivyo na ada. Kwa viwango vya M-Pesa vya Julai 2023, ukituma 500 unakatwa 7, 1,000 unakatwa 13, 2,000 unakatwa 33, na 5,000 unakatwa 57. Kwa kila shilingi 100 mtapata 1.40, kisha 1.30, 1.65 na 1.14. Hazilingani, tena zinapanda na kushuka. Sababu ni kuwa ada hupangwa kwa ngazi: anayetuma 1,501 na anayetuma 2,500 wote hukatwa 33. Mkichora, nazi zitawapa mstari ulionyooka kutoka sifuri. Ada itawapa vidato, tena visivyo na kimo kimoja.

Mtoto mwerevu atauliza: je, nikituma 1,000 mara mbili? Hiyo ni 13 na 13, yaani 26, nafuu kwa bob 7. Lakini 5,000 ukiituma kwa mafungu matano ya 1,000 utakatwa 65, hasara ya bob 8. Kwa hivyo usikariri njia moja, piga hesabu kila mara kwa viwango vya siku hiyo.

Na zile 2,028 zako za Kibokoni? Tuma 1,000 mara mbili. Dada atapata zote, na wewe utabaki na bob 2.