ALIJITAKIA?

Muhula wa pili chama chetu kilifanya mdahalo, na hoja iliyoandikwa ubaoni ilikuwa hii: "Msichana anayetoa mimba hufanya hivyo kwa hiari yake mwenyewe." Mimi nilipangwa upande wa kuunga mkono. Nikasimama, nikajipiga moyo konde, na mwisho wa maneno yangu nikapaza sauti: "Alijitakia!" Makofi yaliyopigwa hayana mfano. Tulishinda kwa kura nyingi, nami nikaenda nyumbani nikitembea kwa maringo kama bibi harusi. Makala haya nayaandika kwa kuwa tangu siku ile neno lenyewe limenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Wa kwanza kunikwamisha alikuwa mwalimu mlezi wa chama. Alipokuwa akifuta ubao aliuliza, kana kwamba anaongea peke yake, "Na hiari ni nini hasa?" Hakuna aliyejibu. Basi nikaenda kutafuta. Neno hili asili yake ni Kiarabu na ni ndugu wa neno heri. Kumbe hiari ni kutazama yaliyo mbele yako na kushika lile uonalo lina heri zaidi. Kwa hivyo lazima kwanza yawepo mambo zaidi ya moja ya kushika, tena uyajue, tena asiwepo mtu aliyekusimamia na fimbo. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa, lakini hawakusema kwamba kila asiyefungwa kamba ana hiari. Mvuvi akijitosa baharini kwa sababu dau lake linazama, hatusemi alijitakia kuogelea.

Sasa nitoe mfano wa kweli, tena wa hapa petu. Mnamo Septemba 2019, katika eneo la Ganze, kaunti yetu hii ya Kilifi, msichana wa shule mwenye umri wa miaka 16 alipatwa na matatizo ya ujauzito, akakimbilia zahanati. Mahakamani anajulikana kwa herufi PAK tu, ili jina lake lisitirike. Afisa wa kliniki aliyesomea kazi yake alimpima, akaona mimba imekwisha kuharibika, akaanza kumtibu. Kabla hajamaliza, polisi waliingia wakawakamata wote wawili. PAK alikaa siku mbili bila matibabu zaidi, kisha akalazimishwa kupimwa tena ili upatikane ushahidi dhidi yake. Aliyemtibu alizuiliwa wiki moja. PAK mwenyewe alikaa rumande ya watoto zaidi ya mwezi mmoja, jamaa zake wakihangaika kutafuta pesa za dhamana.

Hebu tulia hapo kidogo, msomaji. Aliyemtibu anasema mimba ilikuwa imeharibika kabla hajamgusa. Lakini watu waliona msichana, damu na zahanati, wakakata shauri: amechagua, basi aadhibiwe. Ni neno lile lile langu la mdahalo, ila lao lilikuwa na pingu. Nami nina umri ule ule wa miaka 16.

Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Malindi, na tarehe 24 Machi 2022 Jaji Reuben Nyakundi akatoa hukumu. Alisema huduma ya kutoa mimba ni haki ya msingi chini ya Katiba, na kwamba kuwakamata ovyo wagonjwa na wanaowatibu ni kinyume cha sheria. Akasimamisha mashtaka yao, akaliagiza Bunge litunge sheria inayolingana na Katiba. Wasioridhika walikata rufaa, na ubishi ukaendelea.

Wengi wetu tulibishana siku ile bila kujua Katiba inasema nini, na mimi nilikuwa wa kwanza kwa kutojua. Kifungu cha 26 cha Katiba ya 2010 kinasema uhai huanza mimba inapotungwa. Kisha kinasema kutoa mimba hakuruhusiwi, isipokuwa pale ambapo mtaalamu wa afya aliyehitimu anaona kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Mlango umefungwa lakini haukupigwa misumari. Upande mwingine iko Kanuni ya Adhabu iliyoanza 1930, wakati wa mkoloni, nayo imeweka kifungo cha hadi miaka 7 kwa mwanamke anayejitoa mimba kinyume cha sheria na hadi 14 kwa anayemtoa.

Halafu kuna Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Hii yasema mtoto aliye chini ya miaka 18 hawezi kutoa ridhaa ya kulala na mtu. Sasa nisaidieni, kwani hesabu hii imenishinda. Msichana wa miaka 16 sheria yasema hana hiari ya kukubali. Akishika mimba, kijiji chote chasema alikubali. Akiitoa, chasema alitaka. Hiari yake huonekana tu siku ya kulaumiwa.

Nilimwendea muuguzi mmoja, jirani yetu, nikamwuliza kwa nini wanawake hufanya hivyo. Alicheka kwanza. "Nyinyi wanafunzi mwadhani ni nyinyi tu," akasema. Kumbe wengi anaowapokea usiku wakivuja damu ni wake za watu, wana watoto wanne, watano. Mume kaenda Mombasa kutafuta kazi na miezi sita hajatuma hata senti. Mvua Ganze imekosa, mahindi hakuna, mdogo bado yuko titini. Mwingine mimba ya kwanza ilimpandisha presha akaponea chupuchupu, na sasa anaogopa kufa awaache alio nao. Yuko anayeogopa baba. Yuko aliyepewa mimba na mtu wa nyumba ile ile, na akisema hana pa kulala. Mmoja alimwambia, "Dada, hii si niliyoitaka, hii ndiyo iliyobaki." Maneno haya niliyaandika nyuma ya daftari la hesabu ili nisiyasahau.

Uchunguzi uliofanywa nchini juu ya mwaka 2012 ulikadiria mimba zilizotolewa kuwa karibu 465,000, na wanawake wapatao 120,000 walitibiwa katika vituo vya afya kwa madhara yake. Hawa ni waliofika hospitali. Aliyetiwa hofu ya polisi haendi. Huenda kwa mwenye vidonge vya uchochoroni au miti shamba, na akizidiwa hunyamaza.

Wenzangu wavulana husema sababu ni disko matanga. Sikatai, yameharibu wengi huku kwetu. Lakini sisi wa shule ya kutwa twajua na jambo jingine. Ukitembea kilomita sita asubuhi na sita jioni, huku wafunga pedi za kuazima, mwenye bodaboda akikwambia "panda, utalipa siku nyingine", hiyo siku nyingine huja. Huyu naye hatumpangi katika hoja ya mdahalo.

Msinielewe vibaya. Sijaandika kusema kutoa mimba ni jambo dogo. Waislamu na Wakristo wa Malindi wote hufundishwa kuheshimu uhai. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba uhai hulindwa tangu mimba kutungwa. Wanazuoni wengi wa Kiislamu huzungumzia siku 120, wakati roho inapopulizwa, na huona ni haramu zaidi baada ya hapo, ila wengi wao wakubali kwamba maisha ya mama yakiwa hatarini, aliye hai tayari ndiye huokolewa. Mtu anaweza kushika dini yake sawasawa na bado akauliza sababu kabla ya kuhukumu. Mimi mwenyewe sijui ningefanya nini. Nilipokuwa nikisema "alijitakia" nilikuwa nikijifanya najua.

Aliyenifunga mdomo kabisa ni shangazi, ambaye huuza viazi karai karibu na stendi. Ameniruhusu niandike mradi nisimtaje jina. Nilipomsimulia ushindi wangu, aliendelea kugeuza viazi kimya, kisha akaniuliza, "Mwanangu, na anayeizaa, yeye hufanya kwa hiari?" Nikamwambia ndiyo, bila shaka. Akasema, "Mimi nilikuwa na miaka 17, kidato cha tatu kama wewe. Babangu aliita wazee, wakaongea na wazee wa yule mvulana, wakapatana mbuzi na pesa. Mamangu alikuwa jikoni. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Hakuna aliyeniuliza nataka nini, si kuzaa, si kuolewa, si kurudi shule." Serikali iliruhusu wasichana waliozaa kurudi shuleni tangu 1994, lakini yeye hakuambiwa.

Mtoto aliyezaliwa ndiye binamu yangu ambaye nalala naye kitanda kimoja, tunayegombania shuka kila usiku. Shangazi humpenda kuliko nafsi yake, na hilo alinisisitizia mara mbili niliandike. "Simjutii mwanangu," akasema. "Najutia kwamba sikuulizwa." Kisha akaja mteja wa viazi vya shilingi ishirini, akamfungia kwa gazeti, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nimemwomba mwenyekiti wa chama hoja ile irudishwe muhula ujao, nami nipangwe upande wa kupinga. Amesema hoja iliyokwisha kupigiwa kura hairudiwi.